Kitoweo cha Kolandoto na zebaki ya migodini

Kolandoto haina ziwa wala mto unaotiririka mwaka mzima. Ni njia panda kaskazini mwa mji wa Shinyanga: barabara kuu inakwenda Mwanza, nyingine inachepuka kuelekea Lalago na Mwanhuzi. Hata hivyo samaki hapa hakosekani. Dagaa wakavu wanashushwa kwa magunia kutoka Mwanza, sato wanakuja kwenye barafu, sangara wanakuja wamekaangwa au wamebanikwa. Mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishaondolewa, huuzwa kwa bei ya mtu ambaye mfuko umetoboka. Mvua zikinyesha vizuri na malambo yakajaa, vijana hutoa kambare na kamongo humohumo vijijini.

Watu wa hapa pia ni majirani wa migodi. Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, ni mwendo mfupi tu kwa gari. Mwakitolyo wamejaa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Magharibi kuna Kahama yenye Bulyanhulu na uliokuwa mgodi wa Buzwagi, na mbele yake Geita, ambako mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2000 na maduara ya wachimbaji wadogo yalikuwapo zamani kabla yake. Kwa hiyo haishangazi kusikia sokoni kwamba samaki wa siku hizi wana zebaki. Wengine wanaapa kwamba hawali tena sangara. Wengine wanasema ni maneno ya wauza nyama.

Mtu akiuliza kama samaki wana sumu, inabidi kwanza kumrudishia swali: samaki yupi, na wa maji gani? Tukilikosa hilo tutawaogopa samaki wasio na hatia na kuwala wenye hatia.

Ramani ya maji ya ukanda huu inawachanganya hata waliosoma. Wengi wanadhani kila kinachomwagwa migodini kinaishia Ziwa Victoria. Sivyo. Maji ya mvua ya Shinyanga mjini na Kishapu yanaingia Mto Manonga, kisha Wembere, kisha Ziwa Kitangiri kwenye mpaka wa Singida, na yakizidi yanashuka kwa Mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi. Ni bonde lisilo na mlango wa kutokea baharini. Kinachoingia humo kinabaki humo. Geita yenyewe imegawanyika mgongoni. Vijito vya kaskazini vinakwenda Ziwa Victoria, kwenye ghuba kama ya Nungwe. Vijito vya kusini, pamoja na vile vya kijiji cha wachimbaji cha Lwamgasa, ambacho kwenye ripoti nyingi za nje utakisoma Rwamagasa, vinaingia Mto Nikonga, vinapita kwenye mabwawa ya Moyowosi, vinaungana na Malagarasi na kuishia Ziwa Tanganyika. Mvuvi wa Kigoma ana sababu zaidi ya kujali mialo ya Lwamgasa, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, kuliko mvuvi wa Ukerewe.

Sasa zebaki inaingiaje? Mchimbaji mdogo akishapandisha mawe yake, huyapeleka kwenye karasha yakasagwa kuwa unga. Unga huoshwa kwa maji ili vilivyo vizito vibaki, kisha humwagiwa zebaki na kuchanganywa kwa mikono, mara nyingi bila glovu. Zebaki inaikamata dhahabu na kufanya donge la rangi ya fedha. Donge hukamuliwa kwenye kitambaa, halafu huchomwa. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, moto wa mkaa unaimudu bila shida; inaruka na moshi, dhahabu inabaki. Sehemu ya zebaki imekwenda hewani na sehemu imebaki kwenye maji na tope la kuoshea. Tope hilo haliachwi, maana bado lina dhahabu. Linaitwa marudio, linauzwa, na mwenye mtaji wa plenti, yaani mtambo wa kuchenjulia, analiloweka kwenye sianidi kuvuna kilichobaki. Hapa ndipo pabaya kuliko wengi wanavyojua: sianidi inapokutana na tope lenye zebaki, haiyeyushi dhahabu peke yake. Inaiyeyusha na zebaki, na zebaki iliyoyeyuka husafiri na maji kirahisi kuliko ile iliyokuwa imetulia kama tone zito chini ya shimo.

Zebaki ya tone, ile inayong'aa kiganjani, haipiti kirahisi tumboni. Ukiimeza kwa bahati mbaya sehemu kubwa itatoka kama ilivyoingia. Mvuke wake ndio unaoingia mwilini kupitia mapafu. Inayoingia kupitia samaki ni ya namna nyingine kabisa. Kwenye tope la chini ya maji lisilo na hewa, bakteria huigeuza zebaki kuwa methili zebaki, na hiyo hunyonywa na mwili kwa zaidi ya asilimia 90, huvuka kondo la nyuma la mama, huingia kwenye ubongo wa mtoto. Viumbe wadogo wanaibeba kidogo, samaki wadogo wanaokula viumbe hao wanaibeba zaidi, na samaki mla samaki anarithi mzigo wa wote aliowala. Kadiri anavyoishi miaka mingi ndivyo mzigo unavyokua. Ndiyo maana sangara wa kilo 30 na dagaa wa mwaka mmoja, hata wakitoka maji yaleyale, hawawezi kuhukumiwa pamoja.

Dunia ilijifunza hayo Minamata, Japani, ambako kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki kwenye ghuba kwa miaka mingi na ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956: ganzi ya vidole na midomo, macho kupoteza upana wa kuona, mwendo wa kuyumba, na watoto waliozaliwa na ulemavu mzito kwa mama waliokuwa wakionekana wazima. Watafiti wa Japani waliposikia habari za zebaki kwenye dhahabu ya Tanzania miaka ya 1990, walikuja kuangalia kama kuna Minamata ya pili pembeni mwa Ziwa Victoria.

Hawakuikuta. Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Hirokatsu Akagi wa taasisi ya utafiti ya Minamata walipima samaki na watu wa ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria na kuchapisha matokeo mwaka 1996. Samaki wa ziwani walikuwa na zebaki kidogo. Baadaye Ikingura na wenzake walieleza sababu mojawapo: udongo mwekundu wa kwetu, wenye chuma kingi, huishika zebaki na kuizuia isisafiri mbali na mahali ilipomwagwa. Masazumi Harada, daktari aliyetumia maisha yake kuwafuatilia wagonjwa wa Minamata, naye alipima nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa jiji la Mwanza. Ripoti yake ya mwaka 1999 ina jambo ambalo lilipaswa kujadiliwa kwenye kila saluni ya nchi hii. Baadhi ya waliokutwa na zebaki nyingi kupita kiasi hawakuwa wameipata kwenye samaki wala mgodini. Walikuwa wanaogea sabuni za kung'arisha ngozi zilizotiwa zebaki.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini habari hiyo haikushika. Pengine kwa sababu samaki ni mshtakiwa rahisi: anatoka mbali, hana wakili, na kumlaumu yeye ni kuulaumu mgodi wa mtu mwingine. Sabuni iko bafuni kwetu. Vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku Tanzania kwa miaka mingi, lakini yeyote anayepita kwenye minada ya Kanda ya Ziwa anajua kwamba marufuku ni kitu kimoja na meza ya muuzaji ni kitu kingine.

Hukumu ya samaki wa ziwani ilitolewa mapema, basi. Ya samaki wa kijitoni ilikuja miaka ya 2000, watafiti wa Uingereza na Umoja wa Mataifa walipokwenda Lwamgasa chini ya mradi wa dunia wa zebaki na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Walichokuta ni picha mbili zisizofanana. Samaki wa Ghuba ya Nungwe walikuwa safi, kiasi cha kuhesabiwa kama kipimo cha maji yasiyochafuliwa. Lakini perege wa maji ya karibu na mialo ya Lwamgasa walivuka kiwango cha miligramu 0.2 kwa kilo, kinachoshauriwa kwa wajawazito na watoto, na walivuka hata kile cha 0.5 kinachotumika kwenye biashara ya kimataifa. Ushauri wa watafiti ulikuwa mkavu: samaki hao wasiliwe. Mbali kidogo na eneo la uchenjuaji, kwenye sehemu nyingi, kiwango kilishuka. Ni kilomita chache tu zinazotenganisha samaki wa kula na samaki wa kutupa.

Timu ya madaktari iliyowapima watu wa Lwamgasa katika kazi hiyohiyo, ikiwalinganisha na wakazi wa Katoro, ilieleza mwaka 2010 kwamba takribani robo ya wachomaji wa dhahabu walikuwa na dalili za sumu ya zebaki ya muda mrefu: kutetemeka, kushindwa kuratibu mwendo, na zebaki nyingi kwenye mkojo, damu au nywele. Katoro hakukuwa hivyo. Sumu ya hao ilipita puani, sahani haikuhusika sana. Mama anayechoma donge kwenye jiko lilelile la kupikia ugali, ndani ya chumba chenye dirisha moja, anavuta kwa dakika chache zebaki ambayo sato wa Nungwe asingempatia hata kwa kumla kila siku.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu mjadala huu ni wa vijiweni. Kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo iliweka mwaka 2003 kiwango cha methili zebaki kinachovumilika: mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki, kikilenga kumlinda mtoto aliye tumboni. Mama wa kilo 60 anaruhusiwa mikrogramu 96 kwa wiki. Tuseme anakula samaki mwenye miligramu 0.05 kwa kilo: anaweza kula karibu kilo mbili kwa wiki bila kuvuka. Familia gani ya Kolandoto inampa mama kilo mbili za samaki kwa wiki? Sasa tuseme samaki ana 0.5: kikomo kinakuwa chini ya gramu 200, yaani kipande kimoja cha wastani. Akiwa na 1, chini ya gramu 100. Kwa samaki wa aina ya kwanza, ukomo wa mama ni fedha yake. Kwa samaki wa aina ya pili, mlo mmoja umemaliza wiki nzima.

Kupika hakusaidii. Methili zebaki imeshikamana na nyama yenyewe. Haichuruziki na mchuzi wala haiondoki kwa ndimu. Kukaanga na kubanika kunapunguza maji ya samaki, kwa hiyo kwa gramu ileile kiwango kinapanda. Hilo liwaonye pia wanaolinganisha vipimo vya dagaa wakavu na vya samaki wabichi bila kusema wamepima nini: mkavu amepoteza sehemu kubwa ya uzito wake, na metali haikukauka naye.

Zebaki imetuteka akili kiasi kwamba tunasahau metali nyingine. Risasi haifuati ngazi ya walaji kama zebaki. Hukaa zaidi kwenye mifupa, magamba, matamvua na matumbo. Kadimiamu hukaa kwenye ini na figo. Sasa tazama namna tunavyogawana sangara. Minofu, iliko zebaki yake, inafungashwa kwenda Ulaya na kwingineko baada ya kupimwa. Kichwa na mifupa, inakokaa risasi, vinakaangwa kuwa mapanki na kusambazwa bara. Dagaa naye huliwa mzima, mifupa na tumbo vikiwamo. Ndiyo faida yake kubwa kwa kalisi na chuma, na ndiyo sababu akianikwa kwenye mchanga mchafu kando ya mji hubeba na mchanga. Utafiti wa matope ya Ghuba ya Mwanza uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha metali zikijikusanya karibu na mdomo wa Mto Mirongo, mto unaopita katikati ya jiji ukibeba kila kilichomwagwa na gereji na masoko. Hapo mshtakiwa ni mji wenyewe, hauhitajiki mgodi. Chanja za kuanikia dagaa zilizoinuliwa juu ya ardhi huhubiriwa kwa sababu ya usafi na bei nzuri. Zinastahili kuhubiriwa kwa sababu ya risasi pia, kwani risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto, na kamati ileile ya wataalamu iliondoa kikomo chake cha zamani mwaka 2010 kwa sababu hiyo.

Huko Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, risasi iliua mamia ya watoto mwaka huohuo wa 2010. Mawe ya dhahabu ya kule yalikuwa na risasi nyingi, na wazazi waliyasaga majumbani. Samaki hakuhusika kabisa. Vumbi la uani lilitosha.

Aseniki nayo ina njia zake. Kwenye miamba ya dhahabu ya Geita na Mara aseniki imo kiasili, ndani ya mawe yaleyale yanayobeba dhahabu, na vipimo vya visima vya ukanda huu vimeonyesha baadhi kuwa juu ya mikrogramu 10 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Mwenye kisima cha namna hiyo akiacha samaki na kuendelea kunywa maji, hajaacha kitu. Kwa Shinyanga mjini na Kahama, bomba la KASHWASA linaloleta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele limeondoa watu wengi kwenye visima, na sidhani kama faida hiyo ya kimyakimya imewahi kuandikwa kwenye hesabu za mradi.

Anayejumlisha njia zote hizi mwilini mwake ni mjamzito. Elias Nyanza wa Chuo Kikuu cha Bugando, Mwanza, akishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alifuatilia wajawazito zaidi ya 1,000 kaskazini mwa Tanzania kati ya 2015 na 2017. Wale wa maeneo ya wachimbaji wadogo walikuwa na aseniki na zebaki zaidi kuliko wa maeneo yasiyo na machimbo, na kadiri viwango vilivyopanda, matatizo ya uzazi yalionekana zaidi: mimba kuharibika, watoto njiti, watoto kuzaliwa wafu. Nyanza alikuwa ameshaandika mwaka 2014 juu ya jambo jingine ambalo kila mama wa Kanda ya Ziwa analijua: pemba, vijiti vya udongo vinavyouzwa sokoni kwa wajawazito. Karibu nusu ya waliohojiwa katika utafiti ule walikuwa wanakula udongo, na ndani yake kulikuwa na aseniki, kromiamu na nikeli. Mama huyuhuyu pengine mume wake anachoma dhahabu nyumbani, naye mwenyewe anaogea sabuni ya kung'arisha, anachota kisimani, na mara moja kwa wiki anapika dagaa. Tunamwambia aache dagaa!

Kumwambia hivyo kuna gharama. Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo yalikutanisha wataalamu mwaka 2010 kupima faida na hatari za samaki, na wakasema wazi kwamba kwa wajawazito na wanaonyonyesha, kutokula samaki nako kunamnyima mtoto mafuta yanayojenga ubongo. Mtanzania wa kawaida anakula takribani kilo 8 za samaki kwa mwaka, chini ya nusu ya wastani wa dunia. Usukumani, ambako chakula ni ugali na mlenda au michembe, dagaa wa vijiko viwili ndiyo protini, zinki na chuma cha mtoto kwa siku hiyo. Kumwondolea kwa hofu ya zebaki ambayo dagaa wa ziwani hana kwa kiasi cha kutisha ni kumpa udumavu kwa jina la usalama.

Samaki mgonjwa naye anatuchanganya. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka rangi, samaki wakaelea wamekufa, na serikali ikazuia matumizi ya maji hayo kwa muda. Kamati iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ikasema oksijeni ilikwisha majini kwa sababu ya kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Watu walicheka sana, na walikuwa na sababu za kutoamini: Mei 2009 maji yenye tindikali yalikuwa yamevuja kutoka mgodi wa North Mara kuingia Mto Tigithe, na mwaka 2019 NEMC, baraza la taifa la mazingira, iliutoza mgodi huohuo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi wa mazingira. Imani ikishavunjika, hata jibu sahihi linasikika kama kejeli. Lakini tofauti moja isipotee kwenye kicheko hicho. Samaki wengi wakifa kwa pamoja, kwa kawaida wameuawa na ukosefu wa hewa, tindikali au sianidi, vitu vinavyoua haraka. Zebaki haiui samaki kwa viwango vinavyomdhuru binadamu. Samaki wa kuogopewa kwa zebaki ni mzima, mnono, ana macho angavu na hana harufu. Mama muuza samaki mwenye uzoefu wa miaka 30 hawezi kumtambua kwa kumbonyeza.

Bwawa la Mwadui lilipopasuka Novemba 2022 na tope kufunika mashamba na nyumba za Ng'wanholo na Nyenze, hofu ya zebaki ilizuka tena. Almasi haikamatwi kwa zebaki wala sianidi. Husafishwa kwa kutenganisha mawe mazito na mepesi. Tope lile lina madhara yake, na mwamba wa almasi una nikeli na kromiamu yake ya asili, lakini zebaki ni kesi ya majirani wa dhahabu.

Kwa hiyo nani anapima kambare wa lambo? Maabara ya Taifa ya kudhibiti ubora wa samaki ipo Nyegezi, Mwanza, na inafanya kazi ya kuaminika kwa sababu masoko ya nje hayachezi: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya wavuvi kutumia dawa za kuulia wadudu, na viwanda vikajifunza kwa maumivu. Minofu ya sangara inapimwa kwa sababu kuna mnunuzi anayeweza kuikataa. Kambare wa Nikonga anayeuzwa mnadani hana mnunuzi wa namna hiyo. Analiwa na mtoto wa mchimbaji, karibu na mwalo, bila kupita kwenye mizani yoyote ya serikali. Na kambare ni mbaya kwa kazi hiyo: anakaa topeni, anakula chochote, anakula samaki wenzake, anavumilia maji machafu yaliyomfukuza kila samaki mwingine. Kamongo naye anajizika kwenye tope lilelile kiangazi chote.

Sheria haikosekani. Tanzania ilisaini Mkataba wa Minamata ulipopitishwa Oktoba 2013 na kuuridhia mwaka 2020. Uingizaji wa zebaki uko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. STAMICO, shirika la madini la taifa, ilijengewa vituo vya mfano vya uchenjuaji bila zebaki Lwamgasa, Katente na Itumbi. Ni hatua za maana, ila mchimbaji mwenye viroba vitano vya mawe hawezi kusubiri zamu ya plenti wakati zebaki inampa dhahabu jioni ileile. Na hata zebaki ikikoma kesho asubuhi, marudio ya miaka 30 bado yamerundikwa, na wenye plenti za sianidi wanayanunua. Kama ningekuwa na uamuzi mmoja wa kutoa, ningeanza hapo: marudio yaliyopitia zebaki yasiguswe na sianidi kabla zebaki haijaondolewa. Mkataba wenyewe unalitaja hilo miongoni mwa mambo mabaya kabisa yanayopaswa kukomeshwa.

Uamuzi wa pili hauhitaji bunge. Hospitali ya Kolandoto, iliyoanzishwa na wamisionari zaidi ya miaka 100 iliyopita, ina chuo cha afya kinachotoa wauguzi na matabibu wanaokwenda kufanya kazi Kahama, Geita, Bukombe na Chunya. Kupima zebaki kwenye mkojo au nywele si kazi ya kawaida ya maabara ya wilaya, na mtu anayetetemeka na kusahau atatibiwa malaria au kuambiwa ni pombe. Lakini maswali hayahitaji mashine. Nyumbani mnachoma dhahabu? Unaogea sabuni gani? Unakula pemba? Maji unachota wapi? Samaki mnaokula wanatoka ziwani au kwenye lambo lililo chini ya mialo? Muuguzi wa kliniki ya wajawazito anayeuliza matano hayo atajua zaidi kuliko anayeambiwa tu awaonye akina mama dhidi ya sangara.

Baada ya hapo ndipo vipimo, na vianze na kambare: wachache kutoka kila lambo na kijito chini ya machimbo, mwisho wa kiangazi na mwisho wa masika, wapimwe nyama kwa zebaki na mifupa kwa risasi, na majibu yabandikwe mnadani kwa Kiswahili na Kisukuma yakitaja lambo kwa jina lake. Ofisi ya Mkemia Mkuu ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, maabara ya samaki iko Nyegezi, na tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe mwaka 2025 kati ya Kigongo na Busisi hakuna tena kusubiri kivuko. Kambare aliyetolewa Lwamgasa asubuhi anaweza kuwa mezani kwa mpimaji kabla barafu yake haijayeyuka.